Njia Yenye Jina Lako

Dada Raya,

Nnaogopa, na wa kumwambia ni wewe tu, ingawa tushakusomea khitma.

Ile kompyuta yako ya Michenzani, uliyonifundishia kuandika programu, imekufa. Mafaili nimeyahamishia kwenye mpya: sauti za bibi wa Tumbatu tulizokwenda kuzirekodi, na ile moja yako. Ila programu yako haitaki kuzicheza. Kila nikiifungua inasema haizioni maktaba za sauti, yale mafaili ya kuisaidia itoe sauti, ulizokuwa ukisema bila ya hizo Java, lugha uliyoiandikia programu, ni bubu. Maktaba zipo. Nimeziweka mwenyewe.

Na kesho baada ya alasiri mamako anakuja. Bi Zuwena hana sauti yako mahali pengine popote, hata kwenye kaseti. Aliponiuliza, "Nitamsikia kweli?" mdomo ukanitangulia, nikamwambia atakusikia. Tangu hapo chakula hakinipiti. Nnafikiri labda faili lenyewe limeharibika.

Leo nikakumbuka ulivyokuwa ukinitania: "We Salma una pupa, soma kosa mpaka mwisho." Nikasoma. Kumbe programu inakwenda kuzitafuta maktaba kwenye folda yenye jina lako, ndivyo ulivyoiandikia njia kule kwenye mashine yako. Kwenye hii mpya sikukufungulia akaunti, kwa hivyo folda hiyo haipo. Nilikuwa nnaandika majina ya watumiaji, nikafika kwako, nikashindwa.

Kurekebisha ni mstari mmoja tu. Nifute jina lako, niandike folda ziliko maktaba sasa. Niliogopa kukufuta, na kukusikia nikaogopa zaidi.

Nikafuta, nikabonyeza. Ukaita.

"Salma."

"Naam, Dada," nikaitika, nshasimama, nimegeukia mlango.

Ukaendelea mwenyewe: "Inashika hii. Mwite mama naye aje asikie."

Siku ile tulipokurekodi tulikuwa kwenu Jang'ombe. Nilimwita, akajibu kutoka jikoni kuwa anakuja, anaepua chungu. Hakuja, tukazima.

Basi kesho anakuja, Dada. Bado nnaogopa, sijui atafanya nini akisikia unamwita. Nakuahidi nitamkalisha kwanza, nimshike mkono, ndipo nibonyeze. Mola akutilie nuru huko uliko. Mama nshamwita.

Salma