Kutembea Kwangu Siku ya Saba Saba

Jumamosi, 21 Juni 1975

Leo Bibi Mwanabibi amekuja tena, yule Bibi Maendeleo wa kutoka Kilwa. Baridi ya huku inamtesa — amevaa sweta mbili na bado anatetemeka. Akatukusanya wanawake wa Mpepai pale kwenye ghala la kahawa. Kasema mwaka huu ni wa wanawake dunia nzima, kwa hiyo Saba Saba kutakuwa na mbio za akina mama. Siyo wasichana wa shule. Akina mama wenye watoto. Kutoka hapa kwetu mpaka uwanjani Mbinga. Kila kijiji kitoe wanne, na kijiji ambacho wanne wake watafika wote kinapewa cherehani.

Cherehani ya miguu! Nilijifunza kwa masista kabla sijaolewa, mwaka mzima, mpaka nikaweza kukata gauni bila kipimo cha karatasi. Tangu nije huku kwa mume sijaigusa. Nashona kwa mkono kama mtu anayesuka kikapu, nguo za mwanangu Kilian zote mshono umepinda. Ikiwa pale ghalani, Kilian mgongoni, mguu unakanyaga... Wanawake wasingepeleka tena vitambaa kwa yule fundi wa Mbinga anayewabania mapindo.

Nikanyoosha mkono wa kwanza. Avelina akafuata. Wengine wawili wakasukumwa na wenzao.

Jioni mama mkwe kanuna. Kasema mwanamke mzima akikimbia barabarani watu wanajua kuna maiti. Je, mimi nataka kumzika nani? Nikamwambia hakuna wa kuzikwa, mama, ni michezo. Kasema michezo ni ya watoto.

Jumatano, 25 Juni 1975

Tumeanza mazoezi. Alfajiri, ukungu mzito, ili watu wasituone. Wametuona. Wakati huu wa kuchuma kahawa nani analala? Mzee Edmund, mwenyekiti wetu, akapaza sauti kutoka shambani: "Nyie akina mama, mnafukuzwa na nyuki au na polisi?" Tulicheka mpaka Avelina akakaa chini njiani.

Kukimbia na maziwa ni kazi. Yanauma, yanamwagika. Lazima nimnyonyeshe Kilian kwanza, halafu nifunge kanga kifuani kwa nguvu, la sivyo hata mtoni sifiki.

Bwana Osward, Afisa Utamaduni, ametuletea bukta za kukimbilia. Mama mkwe kaichukua moja, kaigeuza huku na huku, kauliza nguo yenyewe imebaki wapi. Tutakimbia na magauni.

Jumapili, 29 Juni 1975

Baada ya misa nimemwomba ruhusa mume wangu Ignatio, wazi, siyo kwa kuzungukazunguka. Kasema nenda. Hakusema kwa furaha, alikuwa anachagua buni, hakuniangalia. Halafu akaongeza: "Lakini ufike."

Nitafika.

Jumatatu, 7 Julai 1975

Nimefika. Wanasema sikufika.

Leo siwezi kuandika kwa hasira. Kilian amelala, ameshiba. Hilo tu ndilo jema.

Jumanne, 8 Julai 1975

Naandika yote, maana kila mtu sasa anasimulia yake.

Tulikuwa vijiji sita. Wa Mbaha walipanda na lori kutoka ziwani, wamejifunga kanga mpaka masikioni, wananukia usipa, wale dagaa wa ziwani. Kiongozi wao Flavia, mrefu, mwembamba. Kaniambia, "Dada, huku kwenu hewa mmeificha wapi?" Nikampenda pale pale.

Kilian nilimwacha kwa Bibi Mwanabibi, wakatangulia na Landrova. Bwana Osward humo humo, na filimbi yake shingoni. Hili nalitia mkazo: yeye alikuwa mbele. Barabara hakuiona.

Mlima wa kwanza tulikimbia nusu. Nusu iliyobaki tulitembea. Sote. Flavia alitembea. Avelina alitembea ameshika kiuno, analaani aliyeumba milima. Nani atakimbia pale? Hata mbuzi wanapumzika. Kufika juu tukaanza tena kukimbia.

Sasa barabara inapita kwetu nilikozaliwa, mlangoni kwa mama yangu. Sikuwa nimemwambia. Nilitaka anione tu napita, afurahi. Ujinga wangu. Mama alikuwa anaanika mahindi. Kaona wanawake wanakimbia, katikati yao mimi, kanga kifuani, mgongoni hakuna mtoto. Akaangusha ungo. Akaanza kulia kile kilio chenyewe, mikono kichwani. Kilian wangu, Kilian wangu! Majirani wakatoka, majembe chini. Wawili walishaanza kumwitikia.

Ningefanya nini? Nimpungie mkono nipite? Nilisimama, nikamshika. Mama, Kilian ni mzima, hii ni michezo. Hasikii. Michezo gani ya kukimbia na kuacha mtoto? Yuko wapi? Yuko Mbinga, kwa Bibi Maendeleo. Basi twende nikamwone. Kanishika mkono, kucha zikaingia. Nikajaribu kukimbia kidogo ili aone ni mchezo tu — akapiga yowe jingine. Kwake nikikimbia mtoto amekufa. Nikitembea anaweza kupumua.

Basi nikatembea. Mimi na mama, mpaka Mbinga. Wote wakatupita. Lori la mahindi likasimama, dereva kasema pandeni akina mama. Nikakataa. Sikukata njia, sikupanda gari la mtu. Kila mahali walipokanyaga wenzangu na mimi nimekanyaga.

Kufika uwanjani, watu wengi walishahamia kwenye ngoma. Mama akampokea Kilian, akamnusa utosini, akakaa chini. Gauni langu lilikuwa limelowa maziwa mpaka tumboni. Nikanyonyesha pale pale kwenye mstari wa chokaa.

Bwana Osward akaja. Kasema: "Hizi ni mbio, mama, siyo matembezi. Aliyetembea hahesabiwi." Kwa hiyo eti Mpepai tumefika watatu. Mbaha nao watatu, mwenzao mmoja kabanwa kifua njiani. Wengine wawiliwawili. Na kwa kuwa hakuna kijiji kilichofikisha wanne, anaangalia nani kawa wa kwanza, na wa kwanza ni Flavia. Cherehani inakwenda Mbaha. Flavia, pamoja na Avelina aliyekuwa wa pili, watakwenda Songea kwenye mashindano ya mkoa.

Nikamwuliza, mlisema wafike, je, mlisema wafikeje? Kasema nisibishane. Nikamwambia, mwaka ule wa Azimio la Arusha vijana walitembea kwa miguu kutoka mikoani kwenda kuliunga mkono. Siku na siku njiani. Redio ikawasifu, sisi shuleni tukawapigia makofi. Hakuna aliyewasimamisha akawaambia nyie mmetembea, hamhesabiwi.

Akapuliza filimbi kuita watu wa kuvuta kamba.

Alhamisi, 10 Julai 1975

Sasa limekuwa jambo lingine.

Leo kwenye kukoboa kahawa wanaume wanapokezana. Mmoja: "Mama Kilian ametembea." Mwingine: "Ametembea?" "Ametembea, tena Mbinga, mchana kweupe." "Na nani?" Wanacheka mpaka wanashika matumbo. Mzee Edmund naye, mwenyekiti mzima, kaongeza kwamba mama yangu mzazi alinisindikiza.

Ignatio alikuwepo. Karudi nyumbani, hakugusa chakula. Kasema maneno haya yameshafika Kitai kwenye mabasi, na yeye atapita wapi? Nikamwuliza, kwani huamini nilitembea na mama yangu? Kasema anaamini. Halafu kwa sauti ndogo: "Lakini neno lenyewe ni baya, Mama Kilian."

Neno lenyewe! Nikikimbia, nimeua mtu. Nikitembea, nimefanya umalaya. Basi waniambie mguu wa mwanamke aliyeolewa unaruhusiwa kufanya nini barabarani. Niruke kama chura?

Na hao hao wanaocheka, nguo zao nani anazitia viraka?

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage. Baadaye kaniletea uji. Wangu peke yangu, na sukari.

Ijumaa, 11 Julai 1975

Bibi Mwanabibi kapita asubuhi. Kumbe cherehani bado iko stoo, na ufunguo anao yeye, kakataa kuutoa. Mbaha wanakuja kesho kuichukua. Kasema: "Hawaichukui mpaka huyu Osward akusikilize, mwanangu. Na asiposikiliza, nitaumeza huu ufunguo." Kamaanisha, naona.

Nikaenda kwa Avelina. Nikamwambia ni rahisi. Mlima ule sote tulitembea. Kama kutembea ni kosa, hakuna aliyefika. Kama siyo kosa, sisi wanne tumefika na cherehani ni yetu. Useme hivyo tu, siyo uongo.

Alikuwa anamenya mihogo. Akamenya mmoja ukaisha, akaanza mwingine. Kasema: "Scola, mimi sijawahi kufika Songea." Wakimfuta, ndiyo basi. Tena mume wake siyo Ignatio. Akisikia mkewe naye katajwa kwenye hao waliotembea, hatauliza na nani. Atapiga kwanza.

Nimemkasirikia, lakini hasira haishiki. Imerudi yote kwa Bwana Osward. Anakaa ofisini na neno moja, neno linafika mpaka jikoni kwa Avelina.

Jumamosi, 12 Julai 1975

Naandika hapa hapa Mbinga, kibarazani pa ofisi ya Bwana Osward. Kilian ananyonya na kuvuta kalamu, herufi zinakwenda upande.

Tumeitwa asubuhi, wakimbiaji wote na wenyeviti. Ignatio kaja na mimi. Amevaa shati lake la kanisani. Watu wa sokoni wamejaza uwanja wa ofisi, wamesikia kuna kesi ya wanawake.

Bwana Osward kanipa nafasi. Nikasema yangu yote, ya mama, ya kilio, ya lori nililolikataa. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwamba yeye alikuwa mbele na gari, hajui barabarani nani alifanya nini.

Akakasirika. Kasema kama sheria ni sheria, basi iwe kwa wote. "Kama kuna wengine waliotembea, wasimame upande huu na huyu mama."

Uwanja ukalipuka. Kijana mmoja wa sokoni: "Na kila mmoja aseme alitembea na nani!" Wakacheka. Nimesimama pale peke yangu na mtoto, upande wa waliotembea, kama bidhaa isiyonunuliwa. Nikamwangalia Avelina. Anaangalia vidole vya miguu yake. Mume wake amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

Nikajua ndiyo mwisho.

Akainuka Flavia. Yule wa kwanza. Kaja polepole, hakimbii, kasimama ubavuni kwangu. Kasema kwa sauti ya kuita mtumbwi: "Mimi mlima ule nilitembea. Mume wangu yule pale mwenye kofia. Akitaka kujua nilitembea na nani, aniulize nyumbani, siyo ninyi." Mwenye kofia akacheka yeye wa kwanza. Hapo wengine wakaacha kuuliza.

Halafu mwenzake mmoja wa Mbaha akamfuata. Halafu mama mmoja wa Kitai. Wa Mpepai wenzangu — hakuna hata mmoja.

Bwana Osward akabaki na filimbi mkononi. Kasema itabidi washauriane. Wameingia ndani, yeye na wenyeviti, na wamepelekewa ugali na nyama. Sisi tumeambiwa tusubiri palepale tulipo, asihame mtu mpaka watoke.

Kabla hajaingia, Mzee Edmund kaniinamia sikioni, ana furaha. Kasema: "Nyamaza sasa, binti yangu. Mbaha wamebaki mmoja, sisi tunao watatu. Cherehani imekuja yenyewe." Kumbe ni kweli. Flavia amejifuta, mwenzake amejifuta, na sisi tukikaa kimya tunaichukua. Nitashona kwa mashine ambayo Flavia ameitoa kwa mdomo wake, na jina langu litabaki limefutwa, na kule kwenye kahawa wataendelea kuuliza na nani.

Nimemwambia siitaki hivyo. Kanishangaa kama nimesema Kijerumani. Kasema hiyo siyo yangu, ni ya kijiji, na kijiji ndiye yeye. Nikamwambia Ignatio. Kafikiri. Kisha kavuka uwanja mbele ya watu wote, kaja kukaa huku kwangu, upande wa waliotembea, mwanaume peke yake. Kampokea Kilian begani. Uso ameuinamisha kwa aibu, lakini amekaa.

Flavia ananigawia usipa mkavu kutoka kwenye fundo la kanga. Nimemwuliza kwa nini kasimama na mimi. Kasema wamekuja na lori tangu usiku, wana njaa, na mimi pia nina njaa. Hilo ndilo jibu lake.

Ndani wanasukuma viti. Sauti ya Bwana Osward inakuja karibu na mlango.

Avelina ameinuka. Anakung'uta vumbi kwenye kanga yake. Mume wake anamwuliza unakwenda wapi, na yeye anakuja tu. Anatembea. Choo nacho kiko upande huu, lakini amekipita, anakuja kusimama ubavuni kwangu.