Viti vya Gari la Posa

Alhamisi, 12 Juni. Tonawanda, Marekani
Nimetoka kiwandani, nimekula, nimeshika kalamu. Keshokutwa tunakwenda Louisville kumposea mwanangu Idi. Watu saba, gari moja la kukodi. Mpanga viti mimi. Nani mwingine? Darasa la sita tu, lakini nchi tisa nimezikanyaga.

Nimepanga kama marehemu baba. Karani wa meli Dar, enzi za Mwingereza. Ofisa mpya akipangiwa Lindi, hapandi mpaka baba atazame cheo. Bwana shauri, mkubwa wa wilaya, daraja la kwanza. Mkaguzi mdogo, la pili. Hakuna kubembeleza. Jioni alitukaririsha vyeo na madaraja yake, mimi na dada Zawadi, kama wenzetu walivyokariri juzuu. Raha ile!

Basi: binamu Hamza juzi kawa supavaiza, kiti cha mbele. Dada anaogesha wazee huko Columbus. Nyuma, na masanduku.

Jumamosi, 14 Juni. Hilliard, pembeni mwa Columbus, kwa dada
Tumempitia. Nikasoma karatasi ya viti mbele ya watu, kwa madaha. Mjinga mimi.

"Idi nimemlea tangu mama yake afe," dada akasema. "Leo mie mzigo?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwetu shangazi ndiye anayetoa neno la posa. Bila yeye tugeuze gari. Wakwe wanatungoja leo jioni. Idi hanitazami. Nimetia utani, hakuna aliyecheka, hata Hamza.

Baadaye, bado Hilliard
Nimebisha mara tatu. Kafungua. Hakufoka. Kanieleza nisilolijua, nilikuwa mdogo. Bibi mzaa baba alipofariki Lindi, baba alikwenda kuzika kwa meli. Alilala sitahani, kati ya mbuzi na magunia. Chumba cha juu alishamwandikia ofisa mpya, kijana hata ndevu hana.

"Aliporudi hakutukaririsha tena. Ukaendelea peke yako."

Nimelia. Mimi! Mchana kweupe, mlangoni.

"Nisamehe, dada."

"Futa kamasi kwanza. Wakwe watadhani tumefiwa."

Karatasi nimeichana. Dada kakaa alipotaka.

Jumapili, 15 Juni. Louisville
Posa imepokelewa jana. Dada alisema machache, mama wa binti akatoa machozi.

Asubuhi. Wengine wamelala. Dada yuko jikoni mwa nyumba tuliyofikia, anachemsha chai ya tangawizi, anaimba chini chini. Sauti ya mama kabisa. Sijaingia. Nimekaa kwenye ngazi, nasikiliza.