Jina Mara Mbili kwa Ishfaq Ghumman

Mwaka mmoja umetimia leo tangu saa kumi na mbili na robo asubuhi, tarehe 9 Machi, ulipoinuka kwenda kufungua lango na kikombe chako cha chai kikabaki mezani kikiwa bado cha moto. Daktari alisema ni moyo. Hatuna la kuongeza hapo.

Ya miaka yako ya uwanjani tunayo kwa maandishi. Mkeo Tasneem, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyeandika matokeo ya klabu, na madaftari yake kumi na manne yamo kabatini. Misimu ishirini na minne ya kriketi. Mbio 9,412. Wiketi 507, yaani wapigaji 507 uliowatoa. Uliwahi kupiga wa kwanza, ukawahi kupiga wa mwisho, na siku mlinda wiketi, yule mdakaji wa nyuma ya mpigaji, alipovunjika kidole ulivaa glavu zake kwa ova kumi na moja, mirusho sitini na sita.

Bega lilipokataa kurusha kwa kasi, mwaka 1989, hukustaafu. Hatua zako kumi na saba za kukimbilia kurusha ulizipunguza zikawa tano, ukajifunza kuuzungusha mpira uani ukilenga debe tupu la samli, majira yote ya baridi. Majirani walilalamikia kelele. Ukawapelekea halua, ukaendelea.

Mikono hiyohiyo ilishona mipira karakanani, kama mikono ya nusu ya mji wetu wa Sialkot. Mpira ulioushona vibaya uliukata mwenyewe kabla msimamizi hajauona. Na wasichana wa shule ya Tasneem walipoambiwa uwanja si wao, uliwafundisha kila Jumapili, ndoo yao ya maji ukiibeba wewe.

Timu ya taifa haikukuita. Mteuzi mmoja alisema mbele yako, "Huyu ni nusu-nusu. Nusu mpigaji, nusu mrushaji."

Ukamjibu, "Nusu mbili ni mzima, bwana. Au hesabu za kwenu ni nyingine?"

Jina la Nusu-nusu likakuganda mtaani. Wewe ulilicheka. Sisi hatukulicheka.

Novemba iliyopita klabu iliamua kuandika majina ya wakongwe kwenye ubao wa uwanjani. Mwenyekiti, Chaudhry Liaqat, akaja nyumbani.

"Shemeji, ubao una safu mbili, wapigaji na warushaji. Yeye tutamweka kwa warushaji."

"Na hizo mbio elfu tisa alipiga nani?" Tasneem akauliza.

"Jina moja, safu moja. Ndio utaratibu."

"Basi msiliandike kabisa."

"Shemeji, tukiliandika mara mbili watu watatucheka. Watadhani walikuwa mapacha."

Mdogo wako Arshad akadakia, "Mmemcheka miaka ishirini na minne, Chaudhry. Leo ndio mnaona haya?"

Hatukutoa picha yako, wala ruhusa ya jina. Kamati ilikaa mara tatu. Mara ya tatu Tasneem alipakia madaftari yote kumi na manne kwenye bajaji, akayaweka mbele yao, akawaambia wamwonyeshe ukurasa mmoja tu ambamo wewe ulikuwa nusu. Walifunua kurasa kwa saa nne. Hawakuupata.

Hitima itasomwa leo nyumbani, baada ya swala ya alasiri.

Unakumbukwa na mkeo Tasneem. Wanao Nabeela na Zohaib. Mdogo wako Arshad. Dada yako Sughra. Na wasichana wa Jumapili. Hututoki moyoni, wala ubaoni. Jana saa tisa alasiri mchoraji alishuka kwenye ngazi, nasi tukasoma kwa sauti, safu ya kwanza kisha ya pili: Ishfaq Ghumman, mpigaji. Ishfaq Ghumman, mrushaji.