Kadi Isiyo na Jina

Jumatatu, 1 Juni 2009
Sikukuu ya Madaraka. Ofisi imefungwa, nimeshinda nikifua. Maji ya mkokoteni yana chumvi, sabuni haitoi povu. Katika suruali ya Baba Rose nimepata kadi. Ni ya benki, lakini si benki yetu. Mbele ni nambari tu, hakuna jina. Mishahara yetu huingia akaunti moja tangu tuoane. Hii nyingine ni ya nini?
Nimeirudisha mfukoni. Suruali nimeiacha chafu. Sijamuuliza. Nataka kujua kwanza.

Jumatano, 3 Juni
Kazini Kajiado. Nimemuuliza Naisiae, tunayechapa naye hati za mashamba. Nimedanganya kwamba ni mambo ya shemeji yangu. Kumbe yeye pia anayo. Ni ya kununua vitu kwa intaneti. Unaweka pesa kwanza, kama kredo ya simu, unatumia zilizomo basi. Anaisifu. Mwizi akipata nambari anakula hizo kidogo, mshahara haugusi. Hata asiye na akaunti anapewa. Halafu akaanza kulalamika. Wanakata ukiweka, wanakata ukinunua, wanakata hata ukinyamaza. Na ukiletewa kitu kibovu, kurudishiwa pesa ni vita.
"Na mtu aliye na akaunti anaitakia nini?" nimemuuliza.
"Pengine hataki bibi yake aone anachonunua."
Alicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 5 Juni
Baba Rose amechelewa tena. Mama Kimani wa duka amemwona akiingia saiba, pale pa kompyuta za kulipia, baada ya kufundisha. Nimemwita mara tatu kutoka jikoni, chakula kiko tayari. Kimya. Amekaa na gazeti lake kama mtu anayeishi peke yake. Kisha akafungua televisheni kwa sauti ya juu hadi jirani akagonga ukuta. Hataki tuongee. Ndivyo ninavyoona.
Nina hasira. Sijui nimemkosea nini.

Jumapili, 7 Juni
Kanisani ameketi mbele kabisa, kando ya kwaya. Rose na mimi tukabaki katikati, pale tulipokuwa tukiketi sote watatu. Nimewatazama waimbaji mmoja mmoja. Kuna mwalimu mgeni wa shule yake, anaimba sauti ya kwanza. Mrembo. Alipotabasamu, Baba Rose alikuwa akimkazia macho mdomoni.
Nimeona aibu kuwaza hivyo mbele ya Mungu. Sikuacha kuwaza.

Jumanne, 9 Juni
Nimepitia saiba mwenyewe. Mwenye saiba hakutaka kusema mambo ya mteja. Mwishowe: "Mwalimu amenunua kitu kidogo kutoka ng'ambo, mama. Kinakuja na posta." Kidogo. Pete ni kidogo. Mkufu ni kidogo. Siku yangu ya kuzaliwa ni Novemba.

Jumamosi, 13 Juni
Amesema ana kikao shuleni. Nimemfuata. Alipita posta, akatoka na kifurushi, akaelekea shule kweli. Hapakuwa na kikao. Hapakuwa na mwanamke. Alikuwa peke yake darasani, amenipa mgongo, anajaribu kuingiza kitu sikioni.
Nimemwita jina lake. Nimeita tena kwa nguvu. Nimepiga dawati kwa kiganja. Hakugeuka.
Hapo ndipo nilipoelewa. Nilipomgusa bega aliruka kama mwizi.
"Tangu lini?" Nimelazimika kuuliza mara mbili.
"Mwaka jana. La kulia limekufa. La kushoto linafuata."
Hakutaka nione kwenye akaunti. Aliogopa nikijua nitamwambia mchungaji, mchungaji amwambie mwalimu mkuu. Nani ataajiri mwalimu asiyesikia watoto wakisoma? Kanisani anaketi mbele asome midomo.
Na kile kifaa hakifai. Kinapiga mluzi tu.

Alhamisi, 18 Juni
Muuzaji alijibu mara moja tu, kwamba atarudisha pesa kwenye kadi. Tangu hapo kimya. Naisiae alisema kweli. Heri tu kwamba hakuweka nyingi.
Bado nina hasira. Alimwamini mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, kabla ya kuniamini mimi. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Sikutaka unihurumie."
Nikamwambia nami nilidhani ana mwanamke. Hakusikia. Nikarudia. Mara ya tatu nimepaza sauti, "Mwanamke!" Rose akatoka chumbani. Jirani naye bila shaka amesikia. Baba Rose akacheka mpaka akafuta macho. Nami nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kupakua ugali.

Jumapili, 28 Juni
Ijumaa tulikuwa hospitali Nairobi. Daktari anasema la kulia halirudi. La kushoto litasaidiwa na kifaa anachopimiwa mwenyewe. Tutakopa sako, chama chetu cha akiba. Baba Rose amemwambia mwalimu mkuu kwa mdomo wake. Mwalimu mkuu hajakataa wala hajakubali. Amesema atafikiria.
Jioni tumeketi nje tukichambua maharagwe. Aliniuliza habari za ofisini, akageuza kiti anione vizuri. Nikamsimulia polepole, habari ya mzee mmoja wa Mashuuru aliyekuja kutafuta hati akataka kwanza kupewa chai. Alipokosa neno nililirudia. Hadithi fupi ikachukua muda mrefu. Giza lilipoingia, tukahamia ndani penye taa, nikaimalizia.