Nimemwaga Mkojo wa Baba Mkwe

Shoga uko? Usinipigie, nimejificha kwenye korido ya wodi. Uso nitauficha wapi leo!

Si unajua baba mkwe kalazwa? Zile dawa za maumivu ya goti alikuwa anazimeza kama karanga, halafu akaharisha na maji hataki kunywa. Figo zikagoma ghafla.

Sasa daktari kaja asubuhi hii kanuna. Anasema kipimo cha damu kinaonyesha figo zimegoma hatua ya kwanza tu, lakini mkojo unaonyesha ya tatu, ile mbaya kuliko zote. Tangu jana chupa ya kupimia haina hata tone! Akaanza kutaja mashine ya kusafisha damu. Mume wangu kaanguka kitini pu!

Ikabidi niseme. "Daktari, nilimwaga mimi."

"Ulimwaga nini?"

"Mkojo. Kila chupa ikijaa."

Shoga, KILA IKIJAA!

Nesi akauliza kwa nini. Nikamwambia wageni walikuwa wanamiminika, sasa mkojo wa baba mkwe ukae pale mezani kama juisi? Tena chupa niliisugua kwa sabuni!

Daktari kacheka mpaka kavua miwani. Kumbe mkojo upo tele, figo zinaamka.

Nikadhani yameisha. Mzee, aliyekuwa kajifunika shuka gubigubi kwa aibu, akachungulia:

"Mkwe wangu, ukifika nyumbani kamwage zile dawa za goti. Mkojo niachie."