Baba, Mtungi Wako Haujauzwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka ukiwa bado na vumbi la udongo kwenye kucha.

Ulikuwa mpole na mtu wa mzaha. Mgeni akikuuliza unafanya kazi gani, ulimwambia unafungisha ndoa ya plastiki na udongo, na bibi harusi ni mgumu. Kisha ulimweleza vizuri: udongo ule una matabaka membamba yaliyogandamana, na yasipoachana plastiki haipati nguvu. Ndiyo maana uliishindilia gesi ndani ya mtungi wa chuma wenye udongo huo, kwa joto na mgandamizo, hadi ikawa si hewa wala si maji, ikapenya katikati ya matabaka hayo. Ulitaka mabomba ya maji mepesi, yasiyopasuka.

Mama aliuita mtungi huo mke mwenza. Ukichelewa kula alichungulia karakana. "Leo unalala kwake?"

"Naja, mke mkubwa."

Ulipoondoka, Kaka alishika kazi. Plastiki yake ilitoka na mabonge, ikivutwa inachanika. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaanza kuja. Shangazi akasema tuuze mtungi, tusijitese.

Siku moja Mama alikuwa jikoni, akamsikia Kaka akiachia gesi. Akaingia karakana.

"Mbona inatoka kama inanong'ona?"

"Baba alitufundisha kwenda taratibu, Mama."

"Taratibu ilikuwa ya watoto. Yeye aliifungulia kwa mkupuo. Miaka yote ananishtua nikiwa na sufuria mkononi, nitasahau?"

Kaka alijaza mtungi upya, akakagua boliti zote, akatutoa nje, akafungua valvu mara moja. Nyumba ilitikisika. Matabaka ya udongo yaliachana kabla hayajapata nafasi ya kugandamana tena. Alipouchanganya na plastiki iliyoyeyushwa, ilitoka laini, haina bonge hata moja. Tuliivuta kwa zamu. Shangazi alivuta kuliko wote, mpaka akakaa chini. Haikuchanika.

Mnunuzi tumemwambia asirudi. Sasa Kaka anajaribu bomba la kwanza. Likivuja, atatengeneza jingine, nasi tutakuwa naye.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao wa kwanza, binti yako wa mwisho aliyeandika haya, dada yako na wajukuu.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, Baba, na kazi yako tutaimaliza.