Nafasi ya Nane

Sidhpur, Jumapili

Mdogo wangu Hunaid,

Barua zangu hujajibu hata moja, lakini hii isome. Sisi wazima huku. Paa limezibwa, na mbuzi wa jirani amenilia mtandio wa pili sasa.

Jana nilichelewa harusini. Unajua sinia halipakuliwi mpaka walaji wake watimie wanane. Msimamizi akapiga kelele, "Hapa kapungua mmoja! Mama wewe, kaa, watu wana njaa!" Nikakaa. Kuinua macho, aliyekaa kando yangu ni mkeo Insiyah, kibakuli cha chumvi mkononi.

Miaka sita, Hunaid. Tangu nilipomfungia mlango, mama bado hajazikwa, kwa hasira tu kwamba hakuja kumuuguza. Sikumuuliza hata kilichomzuia.

Akanisogezea chumvi ya kufungulia mlo. "Onja, wifi. Hatuanzi bila wewe."

Nikachovya kidole mara mbili bila kujijua. Bibi mmoja akacheka, "Huyu kweli ana njaa!"

Nyama ilipokuja sikumtazama. Lakini mfupa wenye uboho ukasukumwa taratibu mpaka upande wangu, kama mama alivyokuwa akinifanyia. Nikamgeukia.

"Wifi, siku ile nilikukosea."

"Kula kwanza," akasema. "Umekonda mno."

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao anakuja kula kwangu. Sinia la mama nimelishusha kabatini, nimelisugua kwa ndimu mpaka linang'aa. Tuko wawili tu, na sinia unalijua ukubwa wake. Omba likizo huko Kuwait, mdogo wangu. Hatuanzi bila wewe.

Dada yako,
Batul